Tairi Gani la Baiskeli kwa Njia Zetu za Lami na Changarawe?

Katika kuvitembelea vikundi vya kujisaidia kuanzia Ukunda hadi Lunga Lunga tumeulizwa habari za matairi ya baiskeli mara nyingi kuliko tulivyotarajia. Kuna waliocheka waliposikia kwamba tutaliandikia jambo hili. Lakini hebu tufikirie pamoja. Kijana anayepeleka madafu Diani, mama anayechukua samaki Gazi na kuwauza vijiji vya ndani, kikundi kinachochuuza maji kwa mitungi, mhudumu wa afya anayezunguka nyumba kwa nyumba: wote hawa riziki na kazi yao imesimama juu ya mipira miwili. Tairi likipasuka saa tano za asubuhi katikati ya jua, samaki hawangojei fundi.

Na mara nyingi baiskeli hiyo si ya mtu mmoja. Imenunuliwa kwa pesa za kikundi, zilizochangwa kidogo kidogo wiki hadi wiki. Kwa hiyo tairi lililochaguliwa vibaya si hasara ya aliyepanda tu, bali ni ya kila mama aliyetoa mchango wake.

Tatizo letu huku Kwale ni kwamba safari moja ina njia nyingi ndani yake. Mtu anayetoka kijiji kilicho ndani ya Msambweni huanzia kwenye kijia cha mchanga kati ya minazi. Halafu anaingia njia ya changarawe iliyoshindiliwa, ngumu kama sakafu, lakini yenye mawimbi mawimbi kama bati la nyumba. Akifika barabara kuu ya Likoni na Lunga Lunga anapata lami, tena pembeni mwa lami kuna vipande vya chupa na ukingo uliomeguka. Akielekea ufuoni hukutana na mawe ya matumbawe yaliyochomoza ardhini, makali kama kisu. Wenzetu wa Kinango wana miiba ya migunga. Wale wa Shimba Hills wana milima, na udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unanata kama ugali mbichi.

Hakuna tairi moja linaloshinda hayo yote. Anayekuambia lipo anataka kukuuzia. Lakini lipo linalofaa zaidi, na kulijua si kazi ngumu.

Anza na namba, si na bei

Kikundi kimoja cha wanawake kiliagiza matairi 8 kwa pamoja ili kupunguza gharama, jambo zuri kabisa. Aliyetumwa aliambiwa alete "ya ishirini na nane". Akaleta ya ishirini na nane. Manne yaliingia, manne yakakataa. Fundi alijaribu kuyalazimisha kwa kijiko na bisibisi mpaka waya wa ukingo wa tairi moja ukakatika, na duka halikukubali kurudishiwa kitu kilichoharibika. Pesa za mwezi mzima zilipotea hivyo.

Nani alikosea? Kwa kweli hakukosea mtu. Kilichowaponza ni namba yenyewe, kwa maana "28" ina maana zaidi ya moja. Baiskeli yetu nyeusi ya mizigo, ile inayoitwa Black Mamba, hutumia tairi la 28 x 1½. Baiskeli nyingi za mtumba zinazoingia kutoka Ulaya nazo zimeandikwa 28, lakini rimu yake ni ndogo kidogo. Ukiziweka pamoja kwa macho huoni tofauti. Tofauti ni milimita 13 tu katika upana wa duara la rimu, yaani sentimita moja na kitu, na hiyo inatosha kuharibu kazi.

Dawa yake iko kwenye tairi lenyewe. Tazama ubavuni. Pamoja na zile namba kubwa utakuta namba nyingine ndogo mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipimo cha duara pale ukingo wa tairi unapokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili ndiyo isiyodanganya, kwa sababu ni kipimo kimoja kinachotumika dunia nzima. Black Mamba ya 28 x 1½ ni 635. Baiskeli za mtumba za 28 kutoka Ulaya, na zile za mbio, kwa kawaida ni 622, ambazo pia huandikwa 700C.

Na wenye baiskeli za 26 wasifikiri wamepona. Baiskeli ya milimani yenye tairi nene, ambayo vijana wengi wanayo, ni 559. Baiskeli za zamani za kina mama zenye tairi jembamba la 26 x 1 3/8 ni 590. Zote zinaitwa 26, lakini hazibadilishani matairi hata siku moja.

Kwa hiyo kabla ya kumtuma mtu dukani, kila mwanachama aandike namba ile ya pili kwenye karatasi na kumpa katibu. Kama namba zimefutika, tairi kuukuu lenyewe lipelekwe dukani. Muuzaji akisema, "Mama, hizi zote ni ishirini na nane," mwonyesheni karatasi. Tairi kubwa kuliko rimu ni hatari kuliko lile dogo. Dogo litakataa tu kuingia, lakini kubwa litaingia kwa urahisi mno, kisha tyubu inalisukuma nje na kupasuka ukiwa mwendoni.

Jembamba au nene?

Watu wengi huamini kwamba tairi jembamba lililojazwa upepo mpaka liwe kama jiwe ndilo linalokwenda mbio. Kwenye lami nyororo kuna ukweli kidogo, ingawa ni mdogo kuliko tunavyodhani. Kwenye changarawe ni kinyume. Tairi jembamba na gumu likigonga kila kijiwe linaruka juu, na kila linaporuka linarusha baiskeli, mzigo na mwendeshaji. Nguvu ya miguu yako badala ya kukupeleka mbele inakwenda kukurusha juu. Tairi nene lenye upepo wa kiasi hukimeza kile kijiwe na kupita.

Hata wanaoshindana kwa baiskeli wamejifunza hivyo. Siku hizi kuna mashindano yanayofanywa kwenye njia za changarawe na vumbi, na hapa kwetu Kenya yapo yale ya Migration Gravel Race yaliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara. Mmoja wa waliojulikana sana katika mbio za namna hiyo alikuwa Mkenya mwenzetu, marehemu Sule Kangangi, aliyefariki mwaka 2022 akiwa mashindanoni Marekani. Waendeshaji wa mbio hizi hawatumii matairi membamba ya lami. Matairi ya milimita 35 hadi 45, na hata zaidi, ni ya kawaida kwao. Ikiwa watu wanaotafuta ushindi wanachagua unene, sisi wenye mitungi ya maji mgongoni mwa baiskeli tunatafutia nini wembamba?

Kwa Black Mamba hakuna uchaguzi mkubwa, maana tairi lake la kawaida lina unene wa karibu milimita 40 na hilo linatosha. Kwa baiskeli ya milimani ya 559 utakuta matairi kuanzia 1.5 hadi 2.125. Kwa anayetumia lami na changarawe tunapendekeza 1.75 hadi 1.95. Anayepita mchanga mwingi, au kubeba mizigo kila siku, aende 2.0 au 2.125. Kwa baiskeli ya mtumba ya 622, usikubali chini ya milimita 35 ikiwa fremu inaruhusu. Nasi tunasema "ikiwa inaruhusu" kwa sababu tairi nene mno hugusa fremu, breki au madigadi. Likishavaliwa na kujazwa upepo, kidole chembamba kipite kila upande. Kisipopita, siku gurudumu likipinda kidogo tairi litasagwa na chuma.

Kuhusu meno ya tairi

Hapa ndipo vijana wanapodanganywa na sura. Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana linapendeza dukani, linaonekana lina nguvu. Lilitengenezwa kwa ajili ya matope na mlima. Kwenye lami linavuma kama nyuki, linakuchosha, na meno ya katikati yanalika upesi hata ukabaki na meno ya pembeni tu, ambayo huyatumii. Kwenye njia ngumu iliyoshindiliwa pia halikusaidii kitu, kwani ardhi ni ngumu na meno hayapati pa kuingia.

Tafuta tairi ambalo katikati lina mstari ulioungana, au meno mafupi yaliyosongamana, na pembeni lina meno madogo. Katikati itabeba safari ya lami na changarawe ngumu. Pembeni zitakushika unapopinda kwenye vumbi au unapoingia mchangani. Matairi ya Black Mamba yenye mistari ya kawaida yamefanya kazi hiyo miaka mingi bila kelele.

Wengine hutuuliza, je, bila meno baiskeli haitateleza kwenye lami yenye maji? Gari likienda kasi linahitaji mifereji ya kutoa maji chini ya tairi. Baiskeli ni nyembamba na inakwenda polepole, kwa hiyo maji hupasuliwa na tairi lenyewe. Kinachokuangusha kwenye lami ya mvua ni kupinda kwa ghafla, mafuta yaliyomwagika, au breki zisizoshika.

Na kwa udongo mwekundu wa mvua, tuseme ukweli: hakuna tairi. Meno makubwa hujaa udongo katika hatua chache, madigadi huziba, na gurudumu linakataa kuzunguka. Shuka usukume, au ngoja jua. Usimnunulie mtu tairi la matope la mwaka mzima kwa ajili ya wiki chache za masika.

Upepo ndio unaobeba

Mwishoni mwa miaka ya 1880, huko Belfast, daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop alitengeneza tairi la upepo kwa baiskeli ya mwanawe ya magurudumu matatu, kwa kuwa matairi magumu ya siku zile yalimtikisa mtoto barabarani. Tangu hapo kanuni haijabadilika. Mpira ni mfuko tu. Mzigo hubebwa na upepo ulio ndani yake. Ndiyo maana tairi zuri lenye upepo usiofaa ni sawa na tairi baya.

Ubavuni pameandikwa PSI na namba. Mara nyingi hicho ni kiwango cha juu kabisa kisichofaa kupitwa, si amri kwamba ujaze mpaka hapo. Wengi wetu hatuna pampu yenye saa, basi tumia njia hii. Funga mzigo wako wa kawaida, panda, na mwenzako aitazame baiskeli ikiwa kwenye ardhi ngumu. Tairi la milimita 40 likishuka kama nusu sentimita kutoka kimo chake bila mzigo, upepo unatosha. Lisiposhuka kabisa, ni gumu mno kwa changarawe. Likishuka zaidi ya sentimita moja na kujikunja ubavuni, ongeza. Kubonyeza kwa kidole gumba ni desturi yetu sote, lakini tairi lenye mpira mnene huonekana gumu hata likiwa na njaa ya upepo.

Kumbuka kwamba mitungi mitatu ya lita 20 ni kilo 60 za maji, karibu uzito wa mtu mzima, na karibu zote zinakalia gurudumu la nyuma. Kwa hiyo nyuma paongezwe upepo kuliko mbele. Mbele palegee kidogo, mikono nayo ipumzike.

Upepo ukiwa mdogo mno utajua kwa pancha zake. Ukiitoa tyubu utakuta matundu mawili yanayotazamana. Hayo si ya mwiba. Tairi lilipogonga jiwe au ukingo wa lami lilibonyea mpaka rimu ikaibana tyubu na kuikata pande zote mbili. Fundi akiziba bila kukueleza sababu, kesho utarudi kwake. Upepo ukizidi, hasara ni ya namna nyingine: spoki zinakatika, keria inaachana, maji yanamwagika njiani.

Mtu atauliza: nikitoka changarawe kuingia lami nijaze tena? Hapana. Weka upepo unaofaa changarawe na uende nao. Kwenye lami utapoteza nguvu kidogo tu, lakini ukiweka upepo wa lami utaadhibiwa safari nzima ya ndani.

Jambo moja kwa wale wanaojaza kwenye vituo vya petroli, ambao tyubu zao zina valvu nene ya aina ya gari. Mashine ile imetengenezwa kujaza tairi la gari, na tyubu ya baiskeli inajaa kwa kufumba na kufumbua. Jaza kwa kugusa na kuachia, gusa na kuachia. Kisha baiskeli isiachwe juani, kwani upepo ukipata joto hutanuka.

Kulipima tairi dukani

Likunje kidogo ubavuni na kutazama. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, limekaa sana au lilitundikwa juani, liache hata kama bei ni ya kutupa. Zungusha mkono ndani ukisikiliza kama nyuzi za kitambaa zimejitokeza au waya wa ukingo umepinda. Kwa matairi ya mizigo pengine pameandikwa herufi PR na namba mbele yake. Hiyo inaonyesha uimara wa kubeba, na namba kubwa hubeba zaidi. Kama kuna mshale ubavuni, mwonyesheni fundi, kwani huo ndio mwelekeo wa kuzunguka.

Sasa hesabu, maana mweka hazina anangoja. Tuseme (hizi si bei za duka lolote, ni mfano wa kujifunzia) tairi rahisi ni shilingi 600 na linadumu miezi 4, na tairi imara ni shilingi 1,000 na linadumu miezi 10. Katika miezi 20 utanunua rahisi matano, shilingi 3,000. Imara utanunua mawili, shilingi 2,000. Kwa kikundi chenye baiskeli 12, kwa gurudumu la nyuma peke yake, tofauti ni shilingi 12,000. Hapo hatujahesabu pancha, wala siku za kazi zilizopotea. Kila kikundi kinaweza kufanya hesabu hii kwa bei zake chenyewe, mradi tarehe ya kufunga kila tairi iandikwe daftarini. Bila tarehe mtabaki kubishana kwa kumbukumbu.

Pesa zikitosha tairi moja tu, wengi hulifunga nyuma kwa kuwa nyuma ndiko kunakolika upesi. Sisi tunashauri jipya liende mbele, na la mbele, kama bado ni zima, lihamie nyuma. Tairi la nyuma likipasuka baiskeli inayumba na kusimama. La mbele likipasuka, mtu huanguka, pengine na mtoto aliyembeba. Tairi lililokatika na kutiwa kipande kwa ndani lisiwekwe mbele kabisa.

Kwa wenzetu wa miiba, mafundi wetu wana ujuzi ambao hauhitaji duka: tyubu kuukuu hupasuliwa kwa urefu, ikaondolewa valvu, kisha ikatandikwa kati ya tairi na tyubu mpya. Inaongeza uzito kidogo, lakini mwiba mfupi hauipiti. Tyubu hiyo hiyo hukatwa ukanda mwembamba wa kufunika vichwa vya spoki ndani ya rimu, maana pancha nyingine hutoka ndani. Na kabla ya kufunga tyubu iliyozibwa, pitisha vidole polepole ndani ya tairi lote. Mwiba uliotoboa jana mara nyingi bado umekaa pale pale.